Filamu za kimbunga kwa bajeti ndogo: mbona haziaminiki?

Raskazone_Picha: Wakuu, salaam. Kuna kikundi hapa Tanga kinataka kurekodi filamu fupi ya kimbunga ufukweni. Vifaa ni kamera moja, taa mbili, jenereta na kompyuta. Filamu nyingi za bei chee za aina hii mvua inaonekana imebandikwa tu. Kosa linaanzia wapi, na hela kidogo iliyopo iingie wapi?

FundiTaa: Mkuu, kosa ni kuiachia kompyuta kila kitu. Mawingu yametanda, lakini mnazi umetulia, shati la mwigizaji kavu, na kivuli chake kimekolea mchangani. Kivuli kikikolea, jua linawaka, na mtazamaji anajua hata asipoweza kueleza. Subirini siku ya mawingu.

Hela iende kwenye maji. Toboa bomba la plastiki matundu ya milimita 2, lipandishe mita 3 au 4, matundu yaangalie juu ili maji yaruke kidogo kisha yaanguke yenyewe. Matundu membamba mno yanatoa ukungu, si mvua. Taa ikae nyuma ya mvua, imulike kuelekea kamera lakini nje ya fremu. Ukimulika kwa mbele matone hayaonekani. Kamera ipige picha 25 kwa sekunde, shata (muda kila picha inapopokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde. Mchana watu hukimbilia 1/500 kupunguza mwanga, matone yanaganda hewani kama shanga. Weka filta ya ND badala yake, yaani kioo cheusi mbele ya lenzi cha kupunguza mwanga.

Pampu ya lita 30 kwa dakika inamaliza tanki la lita 1,000 kwa dakika 33 tu, kwa hiyo mazoezi yote yafanyike pakavu.

Upepo: funga mshipi wa kuvulia kwenye makuti, mtu avute akiwa nje ya fremu. Makuti, kanga na nywele vyote vilale upande mmoja, shoti zote.

Kusi_na_Kaskazi: Naongezea upande wa hali ya hewa, maana hapo ndipo hadithi nyingi zinapovunjika. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa inavyokwenda. Video za setilaiti za vimbunga vya Marekani huzunguka kinyume, msizibandike kwenye Bahari ya Hindi. Wala kimbunga si ule mkonga unaoning'inia toka mawinguni. Kina upana wa mamia ya kilomita, hakionekani chote toka ufukweni.

Huku karibu na ikweta ni nadra, ila si jambo la kubuni: Aprili 1872 kilipiga Zanzibar na Bagamoyo, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tumieni jicho la kimbunga, yaani sehemu tulivu ya katikati! Upepo unakatika, watu wanatoka nje, kisha unarudi toka upande wa pili. Haligharimu hata shilingi.

Radi nayo: kila kilomita, mlio uchelewe sekunde 3 hivi baada ya mwanga.

Dada_Sauti: Feni na pampu zitafunika maneno yote, rekodini sauti upya ndani. Jenereta ikae mbali, pakavu, na viungio vya nyaya viinuliwe juu ya mchanga. Maji ya bahari msiyapitishe kwenye pampu. Chumvi itaila, na lenzi itabaki na madoa.