Naomba ushauri: korongo linazidi kulimeza shamba letu

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuhifadhi udongo. Shamba letu liko kwenye mteremko mkali, na tangu miti iliyokuwa juu yake ilipokatwa, maji ya mvua yamekuwa yakishuka kwa kasi na kuchimba mfereji mdogo ambao sasa umekuwa korongo lenye kina kinachozidi kimo changu. Kila mvua kubwa inaponyesha, kingo humeguka, na udongo wa juu wenye rutuba, ambao sentimita chache tu huchukua mamia ya miaka kujijenga, huchukuliwa na maji. Inaniuma sana kuutazama ukipotea.

Nimeshauriwa kupanda majani ya vetiva kwa kufuata kontua (mistari inayokata mteremko kwa usawa), kwa kuwa mizizi yake huweza kushuka hadi mita 3 na kuushikilia udongo, lakini nahofia kwamba miche itasombwa kabla haijashika. Je, nianze kwa kuyachepusha maji juu ya korongo na kujenga vizuizi vya mawe ndani yake, au kazi hizo ziende pamoja na upandaji? Na kingo zilizosimama wima, zichongwe kwanza ili zilale, au ziachwe zilivyo?