Ngurubani, Mwea: mji ulitangulia, au mpunga?

MwalimuKasarani

Hamjambo wanajukwaa. Natayarisha ziara ya siku moja ya Jiografia, wanafunzi wa Kidato cha Tatu, kutoka Kasarani, Nairobi, hadi Mwea, kaunti ya Kirinyaga, na kurudi. Kitabu cha kiada kinawapa mto, udongo na mpunga katika aya moja, kisha kinahamia mada nyingine. Hakisemi kwa nini mpunga uko Ngurubani na hauko Kerugoya, iliyo juu kidogo tu na yenye mvua nyingi zaidi. Wala hakisemi mji wenyewe ulizaliwaje. Wanaoijua sehemu ile wanisaidie: tuanzie wapi, watoto washike nini kwa mikono, na mwezi gani unafaa?

FundiMifereji

Mwalimu, anza na udongo, mto uje baadaye. Kerugoya haikosi mito, inakosa ardhi ya kusimamisha maji. Udongo mwekundu wa miteremko ya juu hunywa maji upesi, ndiyo maana kahawa na chai huupenda: mizizi yake haivumilii kukaa majini. Isitoshe, kule juu mito imechimba mabonde, huwezi kuyatoa maji kirahisi yaende shambani. Ukishuka kuelekea Ngurubani, mwinuko wa mita 1,150 hivi, ardhi inalala na udongo unageuka mweusi, ule mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Joto nalo limeongezeka, na mpunga hautaki baridi.

Wafanye jaribio hili shuleni kabla ya safari. Chupa mbili za plastiki za lita 1.5, kata vitako, zipindue, funga midomo kwa kitambaa. Moja itie udongo mwekundu, nyingine mweusi, kina cha sentimita 10, kisha mimina nusu lita ya maji kila moja. Hapa walimu wengi huaibika: udongo mweusi ukitiwa mkavu, maji hupita kwenye nyufa na kutoka haraka, na darasa linaona kinyume cha ulichofundisha. Ukande kwanza kwa maji mpaka uwe kama uji mzito, uache utulie saa moja, ndipo umimine. Utaona maji yamesimama juu yake. Mkulima wa Mwea hufanya jambo hilohilo kabla ya kupanda. Hulijaza shamba maji, kisha huvuruga tope kwa ng'ombe au trekta, ili nyufa zizibike na chini patengenezeke tabaka lisilopitisha maji. Shamba lililovurugwa vibaya hunywa maji usiku kucha, na jirani wa chini hapati kitu.

Sasa mito. Ni miwili, Nyamindi na Thiba, yote kutoka Mlima Kenya. Nyamindi hunywesha sehemu ya Tebere. Thiba hunywesha sehemu nne: Mwea, Thiba, Wamumu na Karaba. Mgawo huo haukulingana na maji yenyewe, kwa hiyo baadaye ulichimbwa mfereji wa kuunganisha, unaochukua maji ya Nyamindi na kuyatia Thiba. Mfumo mkuu unategemea mteremko. Maji hukingwa mtoni kwa kizuizi, huingia mfereji mkuu, hugawanywa kwa mifereji midogo, huingia shambani kwa mlango mdogo, na yanayobaki hutoka kwa mtaro wa kutolea. Ukisimama palipo na mlango wa kugawia maji, waambie wanafunzi watofautishe mfereji unaoleta na mtaro unaotoa. Unaoleta umekaa juu kuliko shamba, unaotoa umekaa chini. Asiyeona tofauti hiyo hataelewa skimu, yaani mpango mzima wa umwagiliaji wa Mwea, hata akiizunguka siku nzima.

Wa mwanzo wa mfereji hupata maji kwanza. Karaba ni mwisho wa mfereji, na mwezi wa kiangazi tofauti huonekana kwa macho: juu mashamba yana maji, chini mpunga umeanza kukunja majani. Bwawa la Thiba, lililokamilika 2022, lilijengwa ili kutatua shida hiyo. Linahifadhi mita za ujazo milioni 15.6 za maji ya msimu wa mvua na kuyaachilia mto unapopungua.

KumbukumbuZaTana

FundiMifereji kasema vizuri, ila udongo peke yake haukuleta mpunga. Ule ulikuwa uwanda wa malisho. Udongo mweusi ulikuwepo karne na karne bila punje moja ya mpunga.

Jibu la kichwa cha uzi: mpunga ulitangulia mji, na kambi zilitangulia mpunga. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ikawa na maelfu ya wafungwa wa Mau Mau, ikajenga kambi kwenye uwanda huu: Mwea, Tebere, Thiba, Gathigiriri na Kandongu. Skimu ikaanzishwa 1954, na sehemu kubwa ya mifereji ya mwanzo ilichimbwa kwa mikono ya wafungwa, kwa majembe na sururu. Kambi hizo zilikuja kujulikana kwa mateso makali, hasa kuanzia 1957. Mwalimu, tafadhali lisemwe hili darasani. Mtoto akiona mfereji ulionyooka, ajue nani aliuchimba na kwa hali gani. Na Wamumu, ambayo leo ni jina la sehemu ya skimu, palikuwa na shule ya kurekebisha vijana waliokamatwa wakati huohuo.

Waliopewa mashamba baadaye wengi walikuwa watu wasio na ardhi. Walipewa ekari 4, zimekatwa vipande vya ekari moja moja, lakini hawakumiliki. Walikuwa wapangaji wa skimu. Kanuni za 1962 zilimpa meneja uwezo wa kumwondoa mpangaji aliyekaidi, na mpunga wote, isipokuwa kiasi cha kula nyumbani, ulipitia mikononi mwa skimu. Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ilipoundwa 1966, ilirithi mpango uleule.

Hapo ndipo mji unapoingia. Wapangaji waliwekwa katika vijiji vilivyopangwa, na ardhi nzuri ikaachiwa mpunga. Mama wa nyumbani alikuwa na mpunga mlangoni lakini hana mahindi, hana maharagwe, na kuni hakuna kwa sababu uwandani hakuna miti. Vyote vilibidi vinunuliwe. Vijiji vingi vyenye watu wanaonunua chakula huzaa soko, na soko likakaa barabarani, kwenye njia ya Makutano kwenda Embu. Hilo ndilo Ngurubani. Kibao kinaandika Wang'uru, utingo anaita Ngurubani, Nairobi wanasema tu Mwea. Wanafunzi wakiuliza ni miji mitatu, waambie ni mmoja.

Jambo moja la ramani: kabla ya 1963 sehemu hii ilikuwa chini ya wilaya ya Embu. Ramani ya zamani ikionyesha Mwea ndani ya Embu, haijakosewa.

Kisha 1998 na 1999 wakulima waligoma. Walikataa kupeleka mpunga kwa bodi, wakauza kupitia chama chao cha ushirika, na kwa muda wakasimamia hata maji wenyewe. Waliweza kuuza, ila kusafisha mifereji mikuu na kugawa maji bila mtu mwenye mamlaka juu ya sehemu zote kukawa kazi ngumu. Leo usimamizi ni wa pamoja: Mamlaka ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyochukua nafasi ya bodi kwa sheria ya 2019, hushughulikia mitambo mikubwa, na vikundi vya wakulima hugawa maji kwenye mifereji ya chini.

MuuzaNafaka

Mimi nijibu la mwezi. Msimu mkuu huenda hivi: vitalu Julai, kupandikiza Julai mwisho hadi Septemba kulingana na zamu ya maji, kuchanua Oktoba na Novemba, kuvuna Novemba mwisho na Desemba. Desemba shule zimefungwa. Nendeni katikati ya Septemba. Sehemu moja mtakuta watu bado wanapandikiza, nyingine wanapalilia, na mtaona zamu ya maji inavyofanya mashamba ya jirani yawe na umri tofauti.

Kwa nini msimu mkuu ni huo? Mpunga wa Pishori wa Mwea ni Basmati 370, mbegu iliyotolewa Punjab mwaka 1933. Ni mpunga wa harufu, lakini dhaifu. Ukipandwa ili ukue kwenye mvua ndefu, unyevu wa Aprili na Mei unaleta ukungu wa majani na shingo, na shingo ikishikwa suke zima linakuwa jeupe na tupu. Ukichelewa ukabeba mimba Juni au Julai, baridi inaua chavua na unavuna makapi. Wanaotaka magunia mengi hupanda BW au IR, mbegu zisizo na harufu, zinazozaa zaidi, na bei yake ni ya chini.

Hatua kwa ufupi: mbegu hulowekwa saa 24, hufunikwa gunia bichi kama saa 48 mpaka ichipue, humwagwa kitaluni, na miche hung'olewa baada ya siku 21 hadi 28. Kuanzia mbegu hadi mavuno ni kama miezi minne.

Mkifika sokoni mwombe mwenye kinu awaonyeshe mpunga na mchele wa mzigo mmoja. Kilo 100 za mpunga hutoa mchele kilo 60 hadi 65, zilizobaki ni makapi na pumba. Waangalie pia punje zilizovunjika. Mara nyingi kosa liko kwenye kukausha, kinu kinasingiziwa tu. Mpunga unatakiwa ufike kinuni na unyevu wa asilimia 14. Ukianikwa tabaka jembamba sana juu ya turubai jua la saa saba bila kugeuzwa, punje hupasuka ndani kwa ndani, nje huoni kitu, kisha kinu kinazikata vipande viwili.

MwalimuKasarani

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Swali la mwisho: wanafunzi wanaweza kuingia shambani wapandikize kidogo?

FundiMifereji

Wasiingie majini, Mwalimu. Mwea ina kichocho, na vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Wakae juu ya tuta. Ukitaka washike mche, mwombe mkulima fungu moja la kitaluni, lisuuzwe kwa maji ya bomba la nyumbani au ya mtungi mliobeba, si ya shambani wala ya mfereji wa skimu, na kila anayeshika avae glavu. Wakiona vishada vya mayai ya waridi kwenye mashina, hayo ni ya konokono mgeni aliyegunduliwa Mwea 2020, anayekula miche michanga. Huyo wasimbebe kurudi naye Nairobi, hata mmoja ndani ya chupa.

Barua ya ruhusa ipelekeni ofisi ya skimu Ngurubani mapema, mkitaja idadi ya wanafunzi na kwamba mnataka kuona kizuizi cha mtoni. Pale hapafikiwi bila mtu wa ofisi.