Mtoto anaamka macho yamevimba yote mawili, ni aleji kweli?

mamaJ: Wakuu habari zenu, mwanangu ana miaka minne kila asubuhi anaamka kope zimejaa hadi anafungua macho kwa tabu, ikifika jioni yanapungua, kesho yake yale yale. Duka la dawa wamenipa Piriton na dawa ya matone wakasema ni aleji, sioni nafuu. Hajikuni na macho si mekundu. Bibi yake anasema chokea, sasa chokea macho yote mawili?

kijana_wa_mbagala: Chokea ni kajipu kwenye ukingo wa kope, ukigusa panauma, unakanda na kitambaa cha maji ya uvuguvugu basi. Mi nahisi Nairobi fly, yule mdudu, mvua hizi wamejaa, ukimponda tu sumu inakubabua

Mzee Kobe: Nairobi fly ngozi ingebabuka na kuwaka moto bana, soma vizuri. Mama J, soksi zinamwachia alama miguuni?

mamaJ: Umenishtua. Soksi za shule zinaacha kama mfereji, na kaptula inambana tumboni, mi nikajua ananenepa

nesi_wa_zamu: Dada usihangaike na macho, mpeleke apimwe mkojo. Ni kile kijiti cha kuchovya, wanaangalia protini. Figo zikivujisha protini maji yanatoka kwenye damu yanakaa kwenye nyama, na ngozi ya kope ni laini ndo maana panavimba mapema, akilala yanajaa usoni, akishinda amesimama yanashukia miguuni. Siwezi kusema ndo hiyo bila kipimo ila shida hii ya figo kwa umri wake tunaiona sana, na wengi wanaitikia vizuri prednisolone, dawa ya steroidi, lakini usimwanzishie mwenyewe!! Hayo matone acha, mengine yana steroidi, ukitumia hovyo yanaleta presha ya jicho.

kijana_wa_mbagala: Kumbe. Na jicho moja likivimba?

nesi_wa_zamu: Mara nyingi chokea au mdudu. Ila likivimba na homa, linauma akiligeuza, linatokeza nje au anaona vitu viwili viwili, hiyo ni hospitali usiku huo huo, msisubiri kukuche

mamaJ: Asante sana dada. Mkojo niende nao?

nesi_wa_zamu: Ndiyo, ule wa kwanza akiamka, kopo safi, angalia kama una povu. Waambie wampime na presha ya damu, kwa watoto huwa wanairuka. Akianza homa au tumbo kuuma sana usingoje asubuhi