Bafu na maji moto: tupeane uzoefu kabla fundi wa taili hajaziba ukuta

Mjengo_Utawala: Wadau, bafu mbili, fundi wa taili anaingia Jumatatu na bado sijaamua kama ni shawa ya stima ama sola. Kila mtu ananiambia lake. Semeni yaliyowapata, bei wacheni, bei nishauliza.

MamaPacha_Umoja: Mimi fundi alifunga shawa ya stima kwa waya ile ile ya taa. Siku ya tatu niko na povu kichwani nasikia harufu ya plastiki, kutoka nje swichi imeyeyuka imekunjamana kama ngozi ya maziwa. Fundi wa pili ndiye alinifungua macho, shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 23 na hiyo waya ya taa ilikuwa nyembamba, ya milimita mraba 1.5, sasa ingeanzia wapi. Akavuta waya ya 6 kutoka kwa boksi, na breka yake peke yake, na ethi (waya ya kupeleka stima ardhini ikivuja). Ethi msiiruke jamani, fundi atasema haina shida kwa sababu si yeye ataoga hapo.

Kayole_Juu: Kwetu maji ni ya chumvi. Nilinunua shawa ya kawaida, ukigusa mfereji unatekenywa na stima, elementi (ile koili ya kuchemsha maji) nayo ikaisha kabla sijazoea. Kumbe ziko za maji ya chumvi, elementi yake imefunikwa. Uliza maji yako ni gani KABLA ya kwenda dukani.

Plamba_Githurai: Aibu yangu mwenyewe. Paipu ya PPR (ile ya plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa) ya milimita 20 unaichoma sekunde 5 hivi kwa mashine ya digrii 260, mimi siku hiyo nilikuwa kwa simu na mteja mwingine, nikachoma mpaka ikayeyuka ndani ikaziba nusu, na sikujua, nikaunganisha, taili zikapigwa, mwenye nyumba kufungua maji yanatoka kama machozi. Tulivunja ukuta wa taili mpya na nikazilipa. Tangu hapo siruhusu taili kabla ya kujaza paipu maji, kupiga presha na kuacha mpaka asubuhi. Geji ikishuka, kuna mahali panavuja.

RongaiYetu: Tanki yetu iko mita moja na nusu tu juu ya shawa, na presha ya bar 1 inataka mita 10. Kwa presha yetu hiyo ndogo shawa ya stima ilikuwa haiwaki kabisa, tukadhani ni mbovu tukairudisha dukani mara mbili (muuzaji alituchukia). Pampu ndogo ikamaliza.

BabaShaz: Niko na sola, siijutii, lakini Julai jua la Nairobi likijificha unategemea elementi ya stima. Na paipu ikiwa ndefu utamwaga ndoo nzima ya maji baridi kwanza. Ila ukiwa na kijana anaoga nusu saa, shawa ya stima inakula karibu yuniti 3 za tokeni hapo hapo.

Mjengo_Utawala: Plamba umenitisha. Nimetoka saiti, nimeuliza kama presha ilipigwa, fundi akaniangalia tu. Tumeazima mashine ya kupiga presha, imefika bar 10 saa kumi jioni. Wa taili nimemwambia aje Jumatano, amenuna.

Plamba_Githurai: Saa hii geji inasema ngapi?

Mjengo_Utawala: Bar nane na nusu 😭