Mjadala: Tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, ibaki au iondolewe?

Mwenye mada, Kawangware:
Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ikisema watu wanayachanganya na dizeli kwa kuwa yalikuwa nafuu. Walikuwa wanachanganya, ndiyo. Mafuta haya mawili hutoka kwenye mafuta ghafi yaleyale: mtambo huyachemsha, mvuke hupanda mnarani, na kila aina hutonea kwenye kiwango chake cha joto. Mafuta ya taa na dizeli hutonea karibu karibu, ndiyo maana ukiyachanganya injini bado inawaka. Lakini mchanganyaji ni mwenye lori. Anayelipa ni mama anayekuja jioni na chupa, anunue ya hamsini, apikie watoto. Mimi nasema iondolewe.

Mkaazi wa Umoja:
Ibaki! Nimepikia stovu ya mafuta ya taa miaka mingi katika chumba kimoja. Dari ilikuwa nyeusi na mtoto hakuacha kukohoa. Kodi ya VAT kwa gesi ya kupikia iliondolewa 2023, basi watu wahamie gesi.

Mwenye mada:
Dada, pole sana kwa mtoto. Kuhusu moshi sikubishii hata kidogo. Shida ni kwamba gesi haiuzwi kwa chupa ya hamsini. Mtungi wa kilo 6 unalipia wote kwa mpigo, na asiye na hiyo pesa huishia kwa anayejaza kichochoroni kwa bei nafuu. Hapo ndipo naogopa. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani; inatambaa sakafuni, inapita chini ya kitanda na chini ya mlango mpaka ikutane na moto, hata wa jiko la jirani. Tarehe 1 Februari 2024 Embakasi, hapa Nairobi, iliungua usiku kwa sababu ya gesi iliyojazwa mahali pasipo na kibali, katikati ya makaazi ya watu.

Mchangiaji, South B:
Kwani hatuna mafuta yetu Turkana? Na Tanzania si wana gesi Songo Songo?

Mwenye mada:
Ya Turkana yaligunduliwa 2012, lakini mtambo wa Changamwe uliacha kusafisha mafuta 2013, kwa hiyo tunachochoma jikoni bado kinashuka kwa meli Mombasa. Gesi ya Songo Songo nayo ni methani, nyepesi kuliko hewa. Haigeuki kimiminika mpaka ipoe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, basi husafirishwa kwa bomba. Haiingii kwenye mitungi hii yetu.

Mkaazi wa Umoja:
Na ile mitungi yenye mita, unayolipia kwa simu kidogo kidogo?

Mwenye mada:
Hiyo naiunga mkono kabisa! Ifike kwanza kwenye kila ploti ya mabati, halafu mje tuzungumze tozo. Kwetu bado.