Tupeane uzoefu: openssl s_client ilikuonyesha nini ambacho kivinjari kilikuficha?

fundi_nyaya (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kwa wageni: openssl s_client ni amri ya terminali inayounganika na seva na kuonyesha vyeti vyake vya usalama. Nina ugomvi na ile alama ya kufuli kwenye kivinjari. Kila seva ikisumbua, mtu anakuletea picha ya kivinjari yenye kufuli na kusema cheti kiko sawa, tatizo ni la watu wa aplikesheni. Naomba tukusanye visa vya kweli ambavyo amri moja tu ya terminali ilimaliza ubishi. Naanza mimi.

Duka la mtandaoni la mteja wetu lilifunguka vizuri kwenye Chrome ya kompyuta, lakini aplikesheni yao ya Android iligoma kuunganika. Wiki nzima lawama zilikuwa kwa kijana aliyeandika aplikesheni. Nikapiga:

`openssl s_client -connect duka.example.com:443 -servername duka.example.com -showcerts </dev/null`

Chini ya "Certificate chain" kulikuwa na namba 0 peke yake. Cheti cha seva kipo, cheti cha kati (kinachokiunganisha na mzizi unaoaminika) hakipo. Mwisho kabisa: "Verify return code: 21 (unable to verify the first certificate)". Chrome ya kompyuta, ikikosa cheti cha kati, husoma anwani iliyoandikwa ndani ya cheti cha seva na kwenda kukichukua yenyewe. Aplikesheni za Android hazifanyi hivyo. Aliyesanidi Nginx, programu ya seva ya tovuti, aliweka cert.pem (cheti cha seva peke yake) mahali pa fullchain.pem (pamoja na cha kati), na mafaili yote mawili certbot, programu inayoomba vyeti, ilikuwa imeyaweka kwenye folda ileile. Tulibadilisha neno moja, tukaisomesha Nginx usanidi upya, aplikesheni ikafunguka.

Hiyo `</dev/null` mwishoni si pambo. Bila hiyo s_client hubaki wazi ikisubiri uandike kitu, na wengi hudhani imeganda.

Mama Logi

Ahsante mleta mada. Langu linahusu mstari wa kwanza kabisa, CONNECTED(00000003), ambao watu huusoma na kufunga kompyuta.

Tulikuwa tunaunganisha mfumo wetu na kampuni moja ya malipo. Upande wao wakasema wameshafungua njia kwa anwani yetu ya IP. Kijana wetu akajaribu, akaona CONNECTED, akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba njia imefunguka. Malipo hayakupita. Nikamwambia anitumie yote iliyotoka, si mstari mmoja. Chini yake kulikuwa na "write:errno=104", kisha "no peer certificate available", kisha "SSL handshake has read 0 bytes".

Yaani TCP (muunganiko wa kawaida) ilifunguka, ila pakiti ya kwanza ya TLS (ulinzi unaotumia vyeti hivyo) ilipofika, kifaa fulani katikati kilikata mawasiliano. Fayawoli yao ilikuwa imeruhusu poti, ila kanuni nyingine ya ukaguzi ilikuwa bado inatuzuia. Tuliwatumia matokeo yote na saa tuliyojaribu, wakaikuta kwenye logi zao siku hiyohiyo.

Na jamani, mtego uliomo humo: kwenye matoleo niliyoyatumia, hata pasipokuwa na cheti chochote kilicholetwa, chini huandikwa "Verify return code: 0 (ok)". Hakuna kilichokaguliwa, kwa hiyo hakuna kosa lililopatikana! Ukiona 0, panda juu kwanza uhakikishe kuna cheti.

mpemba_wa_linux

Bi mkubwa umenikumbusha. Na hiyo 0 ina ujanja mwingine. s_client peke yake haikagui jina. Unaweza kuunganika na duka.example.com, ukaletewa cheti halali kabisa cha tovuti nyingine, ikakuambia 0 (ok), kwa sababu mnyororo wa vyeti uko sawa. Ongeza `-verify_hostname duka.example.com` ndipo utaona 62, hostname mismatch. Na ukitaka ikatae kuendelea pakiwa na kosa, weka `-verify_return_error`, kwa sababu kwa kawaida yenyewe huona kosa, hulitaja, na husonga mbele.

Kisa changu kinatoka kwenye seva ya zamani ya CentOS 7. Mwenzetu wa zamu ya usiku alitupigia akisema tovuti imevamiwa, kwamba inatoa cheti cha watu wengine. Alikuwa amepiga s_client bila `-servername`. Seva hiyo ilikuwa na OpenSSL 1.0.2, na toleo hilo halitumi jina la tovuti mpaka uliagize. Kuanzia 1.1.1 linatumwa lenyewe. Seva iliyobeba tovuti nyingi kwenye IP moja, isipotajiwa jina, hutoa cheti ilichowekewa kuwa cha kuanzia. Hapakuwa na uvamizi wowote.

Hilo jina, hata hivyo, lina faida kubwa ukihamisha tovuti. Kabla ya kugusa DNS, naiuliza seva mpya moja kwa moja kwa IP yake:

`openssl s_client -connect 203.0.113.10:443 -servername duka.example.com </dev/null`

Pakiwa na seva kadhaa nyuma ya jina moja, pitia moja baada ya nyingine hivyohivyo. Ile moja iliyosahaulika na cheti cha mwaka jana ndiyo hufanya wateja wachache walalamike huku ninyi ofisini mnaona kila kitu shwari.

Kibatari

Mimi ni mtu wa barua pepe, nina mawili mafupi.

La kwanza: "wrong version number". Ukiiona, mara nyingi hakuna toleo lolote lililokosewa. Umeongea TLS na poti ambayo inaanza kwa maandishi ya wazi. Poti 587 hutaka usalimie kwanza kwa SMTP, lugha ya kutuma barua pepe, ndipo uombe ulinzi, kwa hiyo ongeza `-starttls smtp`. Poti 465 haitaki hiyo, yenyewe ni TLS tangu mwanzo. Vivyo hivyo 143 na `-starttls imap`, na 993 bila kitu. Hata PostgreSQL na MySQL zina zake.

La pili lilitusumbua mimi na mwenzangu jioni nzima. Tunaandika amri za SMTP kwa mkono. MAIL FROM inakubaliwa. Tukiandika RCPT TO, linatokea neno RENEGOTIATING na barua haiendi. Tukadhani seva inawakataa wapokeaji. Kumbe herufi R kubwa mwanzoni mwa mstari ni amri ya s_client yenyewe, haifiki kwenye seva hata kidogo. Q nayo hukata mawasiliano, ndiyo maana ukiandika QUIT unatoka kabla seva haijakuaga. Andika rcpt to kwa herufi ndogo, SMTP haijali, au weka `-quiet`. Ongeza pia `-crlf`, maana zipo seva zinazokazania mwisho wa mstari.

Nakuru254

Niko Kenya, nafanya kazi upande wa ukaguzi. Yangu ni ndefu kidogo, mnivumilie.

TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi na waraka wa viwango vya intaneti, RFC 8996, mwezi Machi 2021, na wakaguzi wa mifumo ya kadi wanataka ushahidi kwamba umezizima. Taasisi moja tuliyoikagua ilituletea ripoti nzuri, yenye picha za terminali. Walikuwa wamepiga `-tls1` (kuomba TLS 1.0) kwa kila seva, na kila moja imekataa. Hitimisho lao: tuko salama.

Nikasoma kosa lenyewe. Lilisema "no protocols available". Hilo si jibu la seva. Ni laptopu yao ndiyo iliyokataa kuongea TLS 1.0, hata hodi haikupigwa. Mifumo mipya ya Linux yenye OpenSSL 3 huzima matoleo hayo upande wa anayeuliza. Seva ikikataa yenyewe, unaona kitu kingine: "alert protocol version", na "SSL alert number 70". Hiyo namba 70 ndiyo ushahidi, kwa sababu imetoka ng'ambo.

Tukarudia pamoja nao, safari hii tukiilegeza laptopu:

`openssl s_client -connect seva.example.com:443 -tls1 -cipher 'DEFAULT@SECLEVEL=0' </dev/null`

Seva nyingi zilirudisha 70 kweli. Lakini moja, ya mfumo wa zamani ambao hakuna aliyetaka kuugusa, ilikubali TLS 1.0 bila wasiwasi na kutoa cheti chake. Ilikuwa imepita kwenye ripoti zao za nyuma kwa sababu ileile.

Kwa hiyo mimi sikubali tena picha yenye neno "error" tu. Naomba nijue nani kakataa. Na kama usanidi wa kompyuta yenyewe umebana kuliko hapo, SECLEVEL (kiwango cha ukali cha OpenSSL) peke yake haitoshi. Jaribu kutoka kompyuta nyingine.

jirani_wa_port_22

Samahanini wakuu, ila kwa nini mnajitesa? testssl.sh inafanya yote hayo na kukupakia rangi nyekundu na kijani.

Nakuru254

Naipenda na ninaitumia, bro. Lakini kwa kazi yake inaitumia hiyohiyo openssl, na inataka uipakue, jambo ambalo seva nyingi za wateja haziruhusu. openssl utaikuta karibu kila mahali. Halafu kwenye kikao mtu anapokuuliza "umejuaje?", ni vizuri kuwa na mstari mmoja anaoweza kuupiga mwenyewe.

Mama Logi

Na curl -v, amri ya kutuma maombi ya HTTP, msiidharau. Kwa HTTP naanzia huko. s_client naishika curl ikishindwa kunieleza.

mjukuu_wa_cron

Kuna anayekumbuka tarehe 30 Septemba 2021? Siku hiyo cheti cha mzizi (kile cha juu kabisa kwenye mnyororo) kilichoitwa DST Root CA X3 kiliisha muda. Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, walikuwa wanakitegemea ili simu za zamani za Android ziendelee kuwaamini, huku mzizi wao wenyewe, ISRG Root X1, ukiwa umeshaingia kwenye mifumo mipya. Vivinjari havikutetereka. Seva zetu zilizokuwa zinavuta data kutoka kwa API za wengine ndizo zilizokufa. Kila ombi lilirudi na "certificate has expired", na ukifungua API ileile kwenye kivinjari, cheti kina miezi mbele.

s_client ilitueleza vizuri. Kosa namba 10, na mstari wa depth (ngazi ya cheti kwenye mnyororo) juu yake ulitaja DST Root CA X3, si cheti cha API. OpenSSL 1.0.2 hufuata kwanza mnyororo ulioletwa na seva mpaka juu. Ikiukuta mzizi uliokufa inaishia hapo, haijisumbui kuangalia kwamba ISRG Root X1 imo ndani ya kompyuta yenyewe. Tuliongeza `-trusted_first` kwenye amri, ikarudi 0. Basi tukajua ugonjwa uko kwetu. Tuliuondoa ule mzizi wa zamani kwenye orodha ya mizizi inayoaminika na programu zikaamka bila kuguswa.

Cha kuchekesha, simu za Android za zamani ziliendelea vizuri, kwa kuwa Android haiangalii tarehe ya mwisho ya mzizi inaouamini.

Tukiwa kwenye tarehe: certbot inaweza kuhuisha cheti kwenye diski huku Nginx ikiendelea kutoa cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu yake, kwa sababu hakuna aliyeiambia isome upya. Ukikagua faili utadanganyika. Iulize seva kupitia mtandao:

`openssl s_client -connect duka.example.com:443 -servername duka.example.com </dev/null 2>/dev/null | openssl x509 -noout -checkend 1209600`

Hizo sekunde ni siku 14. Ikiwa cheti kitaisha ndani ya muda huo, amri inarudisha 1, nayo skripti yangu inanitumia ujumbe. Let's Encrypt waliacha kutuma barua pepe za kukumbusha mwezi Juni 2025, na muda wa vyeti vya wote unapunguzwa: siku 200 kwa vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027, 47 kuanzia Machi 2029. Wale wa kununua cheti na kuandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, nawaonea huruma.

Kibatari

Hahaa, kalenda ya ukutani. Kuna mkurugenzi namjua.

dada_wa_API

Nimewasoma wote. Mimi nauliza huku nikisimulia. Tunaunganika na mfumo unaotaka na sisi tutoe cheti. Nimeweka `-cert yetu.pem -key yetu.key`, nikaona TLSv1.3, cheti chao, 0 (ok). Wao wanasema cheti chetu hakijafika. Nani mkweli?

mpemba_wa_linux

Dada, wote wawili mnaweza kuwa wakweli. Kwenye TLS 1.3 upande wako unamaliza mazungumzo ya mwanzo kabla seva haijakikagua cheti chako. Ukiweka `</dev/null` unatoka na furaha yako kabla jibu halijafika. Ondoa hiyo, acha iwe wazi, andika ombi kama GET / HTTP/1.0 kisha Enter mara mbili. Ukiona "alert number 116", seva inasema ilihitaji cheti na haikupata. Au lazimisha `-tls1_2`, hapo kosa litatokea mapema. Pia tazama palipoandikwa "Acceptable client certificate CA names". Aliyesaini cheti chenu yumo?

dada_wa_API

Nimejaribu. Si 116, ni 48, "unknown ca". Na aliyesaini chetu hayumo kwenye orodha yao, yupo yule wa mazingira ya majaribio tu.

mpemba_wa_linux

Basi cheti kimefika, ila hawamtambui aliyekisaini. Watumie hiyo orodha kama ilivyotoka, waambie wamwongeze wa mazingira halisi.