Bangili za mhuri 875: gumzo la kikundi cha ukoo

Mama Aisha 18:41
Assalaam alaykum wote. Swali kwa kaka Kassim na wifi Zuhura. Bangili hizi tatu zina mhuri 875 na muuzaji anasema ni karati 21. Mbona naziona nyekundu-nyekundu? Kuna njia ya kuzipima nyumbani bila kuzikwangua?

Mama Aisha 18:41
📷 Picha

Mjomba Kassim 18:44
Waalaykum salaam dada. 875 maana yake sehemu 875 kwa 1000 ni dhahabu, yaani 21 gawa kwa 24. Karati 18 hugongwa 750, na 22 hugongwa 916. Ila mhuri unagongwa kwa kipande cha chuma na nyundo, na mtu yeyote anaweza kuugonga. Pima densiti, yaani kila mililita moja ya bangili ina gramu ngapi.

Idi 18:46
Rahisi hiyo. Aisha si ana silinda ya kupimia ya mililita 50 ya mazoezi? Tia maji, dumbukiza bangili, soma yalipopanda.

Shangazi Zuhura 18:49
Idi, kwanza bangili haiingii kwenye silinda ya 50. Pili, hata ingeingia, mistari yake ni ya mililita moja moja. Ukisoma vizuri sana, jicho usawa wa maji, chini ya mbinuko, utakisia nusu mililita. Bangili ya gramu 12 ina ujazo chini ya mililita moja. Kosa la kusoma linakaribia ujazo wenyewe. Utapata jibu lolote unalolitaka.

Idi 18:50
🙈 Sawa shangazi

Mjomba Kassim 18:51
Na mzani wa jikoni wa gramu moja moja nao hapana. Kuna ule mdogo wa mfukoni unaosoma 0.01. Dada, unao?

Mama Aisha 18:52
Upo, ule wa kupimia zafarani. Aisha ndiye atakayepima.

Aisha 18:53
Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Niko tayari.

Mjomba Kassim 18:53
Marahaba mwanangu.

Shangazi Zuhura 18:58
Marahaba Aisha. Fanya hivi, usiruke hata hatua moja.

Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Kuchemsha kunafukuza hewa iliyoyeyuka, la sivyo itajitokeza kama viputo kwenye bangili. Osha bangili kwa sabuni ya vyombo, suuza, kausha.

Weka bangili kavu juu ya mzani, andika gramu.

Sasa chukua bilauri pana ya plastiki, nyepesi, maana mizani hiyo mingi inaishia gramu 200 na bilauri ya kioo yenye maji inapita hapo. Tia maji ya kutosha kuzamisha bangili. Weka bilauri juu ya mzani, bonyeza TARE isome 0.00.

Funga bangili kwa uzi mwembamba wa nailoni, si wa pamba, pamba inanyonya maji. Ning'iniza uzi kwenye rula iliyolazwa juu ya marundo mawili ya vitabu. Vitabu vikae mezani, visiguse mzani. Bangili izame yote lakini isiguse chini wala ukingo.

Soma mzani. Namba hiyo ni gramu za maji yaliyosukumwa na bangili, na gramu moja ya maji ni karibu mililita moja. Kwa hiyo umesoma ujazo kwa mzani.

Aisha 19:00
Lakini bangili imeshikwa na uzi. Kwa nini mzani upande?

Shangazi Zuhura 19:03
Swali zuri. Maji yanaisukuma bangili juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Bangili nayo inayasukuma maji chini kwa nguvu ileile, na mzani unaihisi. Uzito uliobaki unabebwa na uzi. Ndiyo maana rula isiegemee kwenye mzani, utapima kila kitu mara moja.

Aisha 19:21
Kavu: 12.46
Ndani ya maji: 3.27, halafu 3.90, inapanda inashuka

Mjomba Kassim 19:22
Inagusa chini hiyo. Ingekuwa sahihi, densiti ni 3.8, dhahabu gani hiyo, hata bati inaishinda 😂

Aisha 19:27
Nimeinua. Sasa 0.84 na imetulia

Shangazi Zuhura 19:28
Angalia kwa tochi upande wa ndani wa bangili, kwenye nakshi. Kuna viputo?

Aisha 19:30
Vipo viwili vidogo! Nimegonga uzi vikatoka. Sasa 0.81

Shangazi Zuhura 19:33
Umeona? Kiputo kinasukuma maji kama vile kingekuwa sehemu ya bangili. Ujazo unaongezeka, densiti inashuka. Viputo viwili tu vingekupeleka kutoka 15.4 hadi 14.8.

Gawa sasa.

Aisha 19:34
12.46 ÷ 0.81 = 15.38271605

Shangazi Zuhura 19:37
Kikokotoo hakijui mzani wako ni wa aina gani. Ile 0.81 inaweza kuwa 0.80 au 0.82. Gawa kwa zote mbili: 15.6 na 15.2. Basi namba zote baada ya 15 na kidogo ni mapambo. Na maji ya leo si ya baridi, kwa nyuzi 30 mililita moja ina gramu 0.9957, kwa hiyo zidisha kwa 0.9957. Jibu ni takribani 15.3, ukingo wa 0.2 juu na chini.

Idi 19:38
Na mzani wenyewe kama unadanganya? Haujahakikiwa na mtu huo.

Shangazi Zuhura 19:41
Kama unazidisha, tuseme kila gramu 100 unasoma 102, haidhuru. Umezidisha juu na umezidisha chini, ukigawa makosa yanafutana. Uzuri wa njia hii ni huo. Kisichofutika ni sifuri inayohama. Kwa hiyo Aisha, ukitoa bangili hakikisha mzani unarudi 0.00. Ukisoma −0.02, rudia, maana maji yamechuruzika au mzani umehama.

Mjomba Kassim 19:42
Pima zote tatu kwa pamoja, uzi mmoja. Si ni seti moja?

Aisha 19:56
Kavu 37.41. Ndani ya maji 2.43. Viputo hakuna, sifuri imerudi.

Shangazi Zuhura 19:59
Hapo sawasawa. Kosa bado ni 0.01, lakini sasa ni 0.01 ndani ya 2.43, si ndani ya 0.81. 37.41 ÷ 2.43 × 0.9957 = 15.33, ukingo umebana hadi 0.06 tu. Kupima kitu kikubwa zaidi kwa mzani uleule ni njia ya bei nafuu ya kupata mzani bora.

Mama Aisha 20:00
Haya, 15.33 ni karati ngapi?

Mjomba Kassim 20:05
Dhahabu tupu ni 19.3. Inayochanganywa nayo kwa kawaida ni fedha, 10.5, na shaba, 8.96. Karati 21, ikiwa sehemu iliyobaki ni shaba tupu, inapata 16.9, ikiwa ni fedha tupu, 17.5. Karati 18 inaanzia 15.0 kwa shaba hadi kama 16.0 kwa fedha. Shaba njano haifiki hata 9.

Zako zimeangukia ndani ya 18, upande wa shaba nyingi. Na wewe mwenyewe umesema ni nyekundu. Rangi na mzani wanasema neno moja.

Mama Aisha 20:06
Kumbe!

Mjomba Kassim 20:08
Subiri dada, usimpigie mtu simu bado. Kipimo kimesema hivi tu: hizi si karati 21 zilizojaa. Bangili yenye uwazi ndani iliyozibwa nayo inasoma chini. Kwa gramu 37.41, karati 21 ingechukua kama mililita 2.18. Zako zimechukua 2.44. Uwazi wa mililita 0.26 katika bangili tatu unawezekana kabisa kama ni za mrija. Za mawe na za kufuli lenye springi ya chuma nazo usizipime hivi, jibu linaharibika.

Aisha 20:10
Shangazi, kwa nini dhahabu ni nzito hivyo? Atomi zake ni kubwa?

Shangazi Zuhura 20:17
Hapo ndipo watu wengi wanateleza. Linganisha na alumini ya sufuria. Atomi ya dhahabu ina nusu kipenyo cha pikomita 144, ya alumini 143 (pikomita ni sehemu ya bilioni ya milimita). Sawa tu. Na zote mbili zimepangika kwa mtindo mmoja ndani ya metali. Kwa hiyo mililita moja ya dhahabu ina atomi 5.9 × 10²², na mililita moja ya alumini ina 6.0 × 10²². Idadi karibu ileile!

Tofauti yote iko kwenye kiini. Alumini: protoni 13, nyutroni 14, jumla 27. Dhahabu: protoni 79, nyutroni 118, jumla 197. Elektroni hazibadilishi kitu hapa, protoni moja ina uzito wa elektroni kama 1836. Gawa 197 kwa 27, unapata 7.3. Sasa gawa densiti, 19.3 kwa 2.70.

Aisha 20:18
7.1!

Shangazi Zuhura 20:19
Hizo mbili zinakaribiana kwa sababu hiyo. Na ukipima gramu 197 za dhahabu na gramu 27 za alumini, zote zina atomi 6.022 × 10²³. Hiyo ndiyo moli mliyoambiwa mkariri.

Idi 20:21
Ila risasi ina 207 na densiti yake ni 11.3 tu. Hapo nadharia imekwama 😏

Shangazi Zuhura 20:24
Haijakwama. Atomi ya risasi ni nene, pikomita 175, mililita moja inabeba 3.3 × 10²² tu. Nzito kila moja, lakini chache. Densiti inataka vyote viwili, uzito wa atomi na ngapi zinaenea.

Idi 20:25
Na tangsteni ni 19.25. Mtu akiweka tangsteni ndani, maji yatasema ni dhahabu.

Mjomba Kassim 20:28
Kweli, kwa njia hii huzitofautishi. Lakini huo ni ujanja wa vipande vikubwa vya benki, si wa bangili. Tangsteni inayeyuka nyuzi 3422, dhahabu 1064. Hakuna sonara wa mtaani anayeiyeyusha, na ukiikunja inavunjika.

Aisha 20:30
Na karati 18 ni kampaundi?

Shangazi Zuhura 20:32
Mchanganyiko. Kampaundi ina uwiano usiobadilika, maji siku zote ni haidrojeni mbili kwa oksijeni moja. Aloi, yaani metali zilizoyeyushwa pamoja, unaweka shaba kiasi unachotaka, na mjomba wako kakuonyesha hapo juu densiti inavyotembea.

Mama Aisha 20:34
Kaka, na ile tindikali ya masonara? Tukiinunua tukatia tone moja hapa?

Mjomba Kassim 20:38
Hapana dada, isiingie jikoni. Ile ya karati hizi ni naitriki iliyochanganywa na haidrokloriki, mvuke wake unaumiza mapafu. Na ukitia tone juu ya bangili unapima ngozi yake tu, iliyochovywa inapita. Sisi masonara tunasugua sehemu isiyoonekana ya bangili kwenye jiwe jeusi, tunaweka pembeni yake mchirizi wa sindano ya mfano ya karati 21 na wa karati 18, halafu tone moja juu ya yote matatu. Wa bangili ukififia haraka kuliko wa 21 na sawa na wa 18, jibu limepatikana. Kama ni mrija tutajua pia, jiwe halijali uwazi ndani.

Mama Aisha 20:39
Basi Jumamosi nakuja nazo.

Mjomba Kassim 20:41
Njoo na risiti. Na Aisha apime kila bangili kavu, moja moja, aandike gramu kabla hujatoka nyumbani. Ukirudi azipime tena. Hata kama ni kwangu.